Mashapo Katika Kopo la Mrehani

Matope yenyewe hayakujaa hata kijiko cha chai. Bridget, mwalimu wa bayolojia wa darasa la jioni, aliyagawa ndani ya vichupa vidogo, kila mwanafunzi na chake, na Haifa alipopokea chake alikikinga kwa viganja viwili kama mtu aliyepewa kifaranga. Yalikuwa makavu, ya kijivu, mithili ya majivu ya jikoni. Ukiyatikisa yanalia chakachaka.

"Hayo yametoka juu ya milima ya Andes, upande wa Chile," alisema Bridget. "Juu kabisa, mahali ambapo ukipanda ngazi mbili tu unahema. Ni jangwa. Lakini katikati ya jangwa hilo kuna madimbwi na vinamasi, maji ya kufika magotini, mengine ya chumvi, mengine matamu. Usiku yanashika barafu, mchana jua linachoma mpaka jiwe. Na humo mna wenyeji."

"Watu wanakaa humo?" aliuliza Njeri.

"Wadogo sana. Ukiwaona wengi pamoja utadhani ni vumbi linalocheza."

"Vijidudu, basi sema vijidudu, mwalimu." Njeri alikuwa Mkenya, kazi yake kuwatunza wazee majumbani mwao, na hakupenda jambo lizungushwe.

Bridget akacheka. "Vijidudu. Wataalamu wanawaita zooplanktoni: wanyama wadogo wanaoelea, wanaokwenda yanakokwenda maji. Dimbwi likikauka wanakufa wote. Lakini kabla ya kufa wanataga mayai yenye ganda gumu, na mayai yanalala ndani ya matope. Mwaka, miaka kumi, hata zaidi. Haya yamekaa kabatini kwa rafiki yangu mtafiti tangu baadhi yenu mko skuli ya watoto. Kazi yenu ni kuwaamsha."

Kisha akaeleza masharti. Kila mmoja atawaamsha wa kwake nyumbani, awatazame nani anatoka kwanza, nani anafuata, nani anamla nani. Siku ya mwisho ya muhula atasimama mbele ya wenzake na kuwaonyesha, wakiwa hai, na kueleza. Atakayefanya vizuri, Bridget atampendekeza kwa masomo ya mchana, yale yanayofungua mlango wa chuo kikuu. Asiye na kitu cha kuonyesha atajaribu tena mwakani.

Neno hilo la mwakani, wengine walilipokea kama neno tu. Haifa lilimchoma. Yeye mwakani hakuwa nayo. Mumewe, Himid, alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, na zamu yake ilianza mchana ikaishia usiku. Aliyekuwa akimshika mtoto wao Miska, wa miaka minne, ni mama yake Himid, Bi Kijakazi. Na Bi Kijakazi alikwishasema kwamba kiangazi kikiisha anarudi zake kwao Wete, Pemba, moja kwa moja. Amechoka na baridi, na ana nyumba yake inamngoja. Nani wa kumlaumu? Miaka ishirini na ushei aliitumia nchini humu akiwainua vitandani wazee wa watu, mpaka goti la kulia likamkatalia ngazi.

Kwa hiyo ni muhula huu au basi tena.

*

Waliishi Hounslow, ghorofa ya kwanza, ndege zikipita chini mno juu ya paa hata ukaweza kuona magurudumu. Haifa aliingia jikoni akatafuta chupa ya kioo iliyokuwa na asali, akaiosha, akaisuuza mara na mara tena. Akatia maji ya chupa ya dukani, maana ya bomba yana dawa. Akatia chembe za chumvi ya bahari kama alivyofundishwa. Akamimina yale matope polepole, na kama afanyavyo kila aanzapo jambo, akasema, "Bismillahi Rahmani Rahim." Maji yakageuka rangi, yakawa manjano iliyofifia. Akafunika kitambaa cheupe cha melimeli kuzuia vumbi, akaiweka juu, kwenye kirafu cha dirishani, penye mwanga, na mbali na mikono ya Miska.

Bi Kijakazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza, anachambua mchele, anatazama.

"Mama," Haifa akamwambia, "ile chupa ya juu tafadhali Miska asiiguse. Ni kitu cha maana sana."

"Najua, mwanangu," akajibu Bi Kijakazi kwa sauti ya upole usio wa kawaida. "Mungu akulipe."

Haifa alishangaa kidogo kwa dua ile, lakini hakuuliza. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Jiko lile Bi Kijakazi alilisugua kama msikiti. Utamwambiaje mkweo kwamba unafuga wadudu juu ya sufuria zake? Akasema moyoni, nitamweleza wakishatoka, wakiwa wazuri wa kutazamika.

Hakujua kwamba wiki ile ile Mardhiya, mtoto wa mdogo wake Bi Kijakazi anayekaa Harrow, alikuwa amerudi kutoka Pemba na kupiga simu: "Mama mkubwa, kombe lako la goti limeandikwa, na mwalimu yule yule wa Wete. Amana nimempa Himid." Siku hizi kombe nalo linapanda ndege. Zamani mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa pale pale. Sasa anaandika kwenye karatasi, inakunjwa, inasafiri. Ikifika inatiwa majini, na maji yakishageuka manjano yanafunikwa kitambaa safi, yanawekwa mahali pa juu, pa heshima, yananywewa kwa siku kadhaa.

*

Walianza kutoka siku ya nne. Miska ndiye aliyeona. Haifa alikuwa amemnyanyua dirishani aone ndege, na mtoto, badala ya kutazama ndege, akatazama chupa.

"Mama, nukta zinatembea," alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Kiswahili alikisikia chote, ila ulimi wake ulikuwa wa Hounslow.

Haifa alibana kwenye simu ile lenzi ndogo waliyoazimwa darasani, akaisogeza kwenye kioo. Mle ndani mlikuwa na kiumbe chekundu, chekundu kama tone la rangi ya midomo, chenye jicho moja katikati ya kipaji, kinapiga makasia kwa mikono yake. Kinakwenda, kinasita. Kinakwenda, kinasita. Nyuma yake kingine. Alikijua kutoka kwenye picha za Bridget: kopepodi, mtoto mchanga. Alikuwa amelala kwenye vumbi miaka yote ile na sasa anaogelea katika chupa ya asali, juu ya jiko la watu wa Pemba, na hana habari.

"Huyu ni Bibi," Miska akasema.

"Kwa nini Bibi?"

"Anatembea, halafu anapumzika. Anatembea, halafu anapumzika."

Haifa akacheka mpaka akamweka chini mtoto. Jioni zilizofuata walikuwa wakienda dirishani wote wawili, kimya kimya, kumtafuta Bibi. Miska alimwambia bibi yake wa kweli kwamba mle kwenye chupa mna wanyama. Lakini Miska alikuwa amemwambia pia kwamba chini ya kochi mna simba, na Bi Kijakazi aliyaitikia yote mawili kwa kichwa.

*

Ijumaa ile Haifa alirudi kutoka kazini mchana. Alikuwa akiuza duka la manukato pale pale uwanja wa ndege, saa za asubuhi tu. Aliingia jikoni na jambo la kwanza aliloona ni chupa ya asali, imesimama kichwa chini kwenye kikaushio cha vyombo, inang'aa.

"Shikamoo, Mama," alisema, macho kwenye chupa.

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Hebu nitazame mie." Bi Kijakazi akainuka kitini bila kushika meza. Akaenda mpaka kwenye jiko, akageuka, akarudi. "Umeona?"

"Nimeona, Mama. Goti?"

"Limelegea kama limetiwa mafuta. Kombe la Wete hilo, si mchezo. Nimelinywa juzi funda, jana funda, leo nimelimaliza. Na nilikuombea dua na wewe, ulivyolitunza. Wakwe wengine hapa London wangelitia kwenye friji na kuku."

Haifa alitazama kirafu. Kitambaa cha melimeli kilikuwa kimefuliwa, kimekunjwa, kimewekwa pale pale chupa ilipokuwa.

"Lilikuwa... lina ladha gani, Mama?"

"Chumvichumvi. Na marashi hawakutia." Bi Kijakazi akaketi tena, akatabasamu. "Lakini dawa si halua."

Mtu aweza kusema, kwa nini hakumwambia pale pale? Angalimwambiaje? Yule mama alikuwa amekaa kwa raha ambayo Haifa hakuiona usoni mwake tangu aolewe, amenyoosha mguu, anaupapasa kama paka. Haifa aliingia msalani, akafunga mlango, akampigia Njeri.

"Amekunywa?" Njeri akauliza. "Wote?"

"Wote. Na chupa kaiosha."

Simu ikaanza kukohoa, kisha Haifa akatambua kwamba kile si kikohozi.

"Njeri, usicheke."

"Sicheki. Aki sicheki, nalia. Skiza, mpigie mwalimu saa hii, umuulize kama kuna sumu."

Bridget hakucheka, na hilo Haifa alilishukuru daima. Alisema hakuna anayeshauri watu wayanywe, ila ni matope kidogo mno katika maji safi, na anayajua yalikotoka. Amtazame tumbo na homa. Akiona lolote, amwone daktari bila kuchelewa. Kisha akasema, "Na wewe, Haifa, pole."

Basi Haifa akatazama tumbo na homa. Alitazama mpaka akapitiliza. Alfajiri alikuwa mlangoni: "Mama, umeamkaje?" Adhuhuri akapiga simu kutoka dukani: "Mama, umekula? Chakula kimekaa?" Jioni akampapasa paji la uso kwa kisingizio cha kumtengeneza mtandio. Jumapili akamuuliza kuhusu choo.

"Choo kina nini?"

"Nauliza tu, Mama."

Bi Kijakazi akamwita mwanawe chumbani akafunga mlango. Haifa, akipita na nguo za kufua, akamsikia: "Himid, mkeo anajua nini juu yangu nisichokijua mimi? Daktari kampigia?" Na Himid, ambaye Haifa alikuwa amemwapisha asiseme, akajibu kwamba labda ni mapenzi tu, Mama.

"Mapenzi gani ya kuulizana choo?"

*

Alhamisi iliyofuata ilikuwa kipindi cha mwisho kabla ya kile cha maonyesho. Haifa alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikuwa hajalala vizuri, na alikwishajipangia maneno yake yawe machache.

"Hayakubaki hata matope?" Bridget aliuliza.

"Chupa ilikuwa inang'aa, mwalimu. Mkwe wangu akiosha kitu, kimeoshwa."

Bridget alivua miwani. "Unajua kinachonisikitisha? Wale uliowaona hawakuwa wote. Mayai hayaanguliki yote kwa maji ya kwanza. Kule juu mvua inaweza kunyesha, dimbwi likajaa, likakauka kabla mtoto hajakua. Wangetoka wote siku moja, wangekwisha wote siku moja. Kwa hiyo wengine wanaamka, na wengine, mayai ya mama mmoja huyo huyo, yanasema hapana, sisi tunalala. Yanangoja maji mengine. Ungekuwa na matope yale hata kidogo, yakauke, uyatie maji tena, ungewapata." Akainua mabega. "Na mimi nimegawa yote. Njoo tu wiki ijayo. Tutazungumza ya mwakani."

Haifa akasema ahsante. Ndani ya basi alikaa juu, mbele, penye kioo kikubwa, na hakuona hata mtaa mmoja.

Jua la Mei lilikuwa bado halijazama alipofika. Miska alikwishalala. Bi Kijakazi alikuwa jikoni na birika la chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, vikombe viwili vimewekwa tayari.

"Kaa," akasema.

Haifa akakaa.

"Mimi si mtoto. Nimewaogesha watu wanaokufa, naujua uso wa anayemtazama mgonjwa. Basi leo utanambia. Nina maradhi gani?"

"Huna maradhi, Mama."

"Haifa."

Na hapo machozi aliyoyabana wiki nzima yakatoka. Akasema yote, mbio mbio, bila mpango: matope, milima, mayai, jicho moja, Miska na Bibi, chupa ya asali. Kwamba kombe lenyewe halijulikani liko wapi, na lile si kombe. Kwamba aliona aibu kusema tangu mwanzo, na kosa ni lake.

Ndege ikapita juu ya paa, vikombe vikatetemeka. Bi Kijakazi aliingoja ipite.

"Walikuwa hai?"

"Hai, Mama."

"Wengi?"

"Kiasi."

"Na mimi nikawasomea Yasini kabla." Akafikiri. "Hao wadudu, ni wa nchi kavu au wa majini?"

"Wa majini, Mama. Jamaa zao kamba."

"Basi halali," akasema Bi Kijakazi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, kama wachekavyo watu waliozoea kucheka karibu na wagonjwa, mkono mmoja mdomoni, mwingine umeshika goti, mpaka Haifa naye akacheka ndani ya machozi. "Loo. Mtoto kaniambia mna wanyama, nikamwambia ndiyo baba. Sasa walia nini, na mimi mzima? Nambie la kweli."

Haifa akamwambia la kweli. Maonyesho, masomo ya mchana, mwakani. Sehemu ya mwakani aliipitia haraka, kwa sababu ndani yake mlikuwa na safari ya Bi Kijakazi, na hakutaka ionekane anamlaumu mtu kwa kutaka kwenda kwao. "Mwalimu kasema hata mashapo tu yangetosha," akamalizia. "Lakini ndiyo yamekwenda na sinki."

"Mashapo gani?"

"Yale matope ya chini, Mama. Uliyoyamwaga ulipoosha chupa."

Bi Kijakazi akajivuta nyuma. Alitazama kama mtu aliyetukaniwa wazee wake.

"Niyamwage kwenye sinki? Mimi? Maji ya kombe niyapeleke yakachanganyike na ya vyooni? Hivi wewe kwenu hukufundishwa? Kombe halimwagwi njia ya miguu wala njia ya uchafu. Mashapo yake hutiwa kwenye shina la mti."

"Mti gani, Mama? Hapa hatuna mti."

Bi Kijakazi aligeukia dirisha. Alinyoosha kidole.

Pembeni mwa dirisha, juu kidogo ya hita, palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililopandwa mrehani. Bi Kijakazi aliuotesha kwa mbegu, na alikuwa akichuma kitawi kila Ijumaa akitie kwenye mtandio. Haifa akausogelea, akainua majani kwa vidole. Harufu ikamjaa. Chini ya majani, juu ya udongo mweusi wa dukani, palikuwa na ukoko wa kijivu, mwembamba, umekauka kwa moto wa hita na jua la dirishani, umepasukapasuka vipande vipande. Ulikuwa sawasawa na ile picha ya Bridget ya dimbwi lililokauka, ila hili lilienea kwenye kiganja.

"Hujaumwagilia?" aliuliza.

"Naumwagilia chini, kwenye kisahani. Niyakanyage kwa maji mengine maneno ya Mungu?"

Haifa akachukua kisu cha siagi. Bi Kijakazi akamwondolea kisu, akasema, "Lete nishike mie, wewe kinga." Akauinua ule ukoko kipande kwa kipande, kwa mkono uliowahi kubadilisha bandeji za watu maelfu bila kuwaumiza, na Haifa akakinga kwa kijiko.

"Sema Bismillahi," Bi Kijakazi akasema.

"Bismillahi."

*

Ukoko ukatiwa kwenye chupa ya asali na maji mapya ya chumvi, na toka hapo chupa ikawa na mwenyewe. Bi Kijakazi alihamisha kiti chake karibu na dirisha. Akaangalia asubuhi, akaangalia baada ya kila sala, akamkataza Himid kufunga milango kwa kishindo. Haifa alijaribu kumweleza kwamba huenda wasitoke, kwamba mayai mengine yamekufa, kwamba siku ni chache. Bi Kijakazi akamwambia aende kazini.

Jumanne asubuhi Haifa alikuwa akimfungia mteja chupa ya manukato simu ilipotikisika mfukoni. Haruhusiwi kupokea. Akapokea.

"Wameamka," ikasema sauti ya Bi Kijakazi, chini chini, kana kwamba mtoto amelala pembeni. "Lakini si wale uliowasema. Hawa hawana wekundu. Kuna mmoja ana gurudumu mdomoni."

Haifa akamwambia mteja samahani, akageukia ukuta, akafumba macho. Rotifa. Mkwe wake alikuwa ameona rotifa.

Alipofika nyumbani walitazama pamoja kwenye simu, vichwa vimegusana. Wenye magurudumu walikuwa wengi, wanazungusha maji na kuvuta chakula. Jumatano wakatokea viroboto-maji wawili, wa mviringo, moyo unaonekana unapiga ndani ya kifua cha kioo. Kisha, wamechelewa kama wageni wa heshima, wale wekundu.

"Kwani hawa wamejipaka nini?" Bi Kijakazi akauliza.

"Ni jua, Mama. Kule juu jua kali, linaunguza mpaka mayai. Rangi hiyo wanaipata kwenye chakula, inawakinga."

"Ahaa. Wamejipaka liwa, uso usiungue." Akawatazama kwa jicho jipya, jicho la mwanamke anayetazama wanawake. "Wanajua kujitunza."

Jioni hiyo Himid, aliyekuwa na siku ya mapumziko, akitafuta miwani yake ya jua chini ya kiti cha gari, alikuta bahasha ndogo iliyofungwa kwa plastiki, inanukia zafarani. Akaileta ndani ameishika kwa ncha za vidole, kichwa chini.

"Mama, samahani. Mardhiya alinipa, nikasahau nilikoiweka."

Bi Kijakazi akaipokea, akaibusu, akaiweka juu ya kabati. "Si neno. Goti la kushoto nalo lina haki yake."

*

Siku ya maonyesho, kwa kuwa Himid alikuwa kazini, walikwenda wote watatu: Haifa na chupa yake mapajani, Miska, na Bi Kijakazi na kanga ya pili juu ya koti. Wanafunzi walisimama mmoja mmoja. Njeri alionyesha dimbwi lililojaa viroboto-maji na kusema kwamba hawa ni kama wale wazee wake wa Jumatatu, wanakula mchana kutwa na hawanenepi.

Haifa aliposimama, maneno aliyokariri yakamkimbia yote. Akatazama chupa, akaanza na yaliyokuwepo.

"Mimi nilikuwa na matope mamoja na mvua mbili," alisema. "Mvua ya kwanza, wekundu walitangulia. Mvua ya pili, wenye magurudumu walitangulia, na wekundu wakaja nyuma. Udongo ule ule. Nadhani wale wekundu waliokuwa tayari kuamka walikwishaamka mara ya kwanza, na waliobaki walikuwa wazito wa usingizi. Kwa hiyo nafasi ikawa wazi, na wengine wakaikalia. Kijiji kinategemea nani kaamka kwanza."

"Na wale wa mvua ya kwanza walikwenda wapi?" mmoja akauliza.

Haifa akafungua mdomo.

"Niliwanywa mimi," akasema Bi Kijakazi kutoka nyuma, kwa Kiingereza safi cha kazini.

Darasa zima likaangua kicheko. Na kicheko kilipotulia Haifa akajikuta haogopi tena, akaeleza kombe ni nini, mashapo yake hutiwa wapi na kwa nini, na jinsi kopo la mrehani lilivyofanya kazi ya jangwa: kukausha, kupasua, kungoja. Bridget alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, hakuandika kitu. Walipokuwa wakikusanya vitu akamwendea Haifa akamwambia kwamba jina lake atalipeleka kesho. Kisha akamgeukia Bi Kijakazi, akamuuliza goti linaendeleaje.

"La kulia halina tatizo," akajibu Bi Kijakazi.

Kwenye basi Miska alilala. Haifa alikuwa na furaha, na ndani ya furaha mwiba: mwezi wa tisa, masomo ya mchana, mtoto nani atakwenda kumchukua skuli. Lakini leo si siku ya kulisema hilo.

"Mwezi wa tisa masomo yanaanza saa ngapi?" Bi Kijakazi akauliza, anatazama nje.

"Saa tatu asubuhi, Mama. Lakini tutatafuta njia. Wewe una safari yako."

"Wete haihami." Akamvuta Miska vizuri mapajani, akamfunika kwa ncha ya kanga. "Nyumba ina ufunguo, na ufunguo ninao mimi. Kwani mvua ikinyesha ni lazima tutoke wote?"

Haifa akaulaza mkono wake juu ya goti la yule mama. Lile la kushoto. Bi Kijakazi akaufunika kwa wa kwake, na wakakaa hivyo mpaka kituo chao.

Nyumbani Miska aliamka mlangoni, akataka anyanyuliwe kabla hata ya kuvuliwa viatu. Haifa akairudisha chupa kwenye kirafu, akabana lenzi, akamshikia simu. Wekundu walikuwa wakipiga makasia juu, wenye magurudumu katikati.

"Bibi yuko wapi?" mtoto akauliza, na mara hii, labda kwa usingizi, aliuliza kwa Kiswahili.

Haifa akasogeza lenzi chini, taratibu, mpaka kwenye matope, na pale palikuwa na kiyai kimoja cha hudhurungi, mviringo, kimetulia.

"Yule," akasema Bi Kijakazi nyuma yao, anafungua mtandio. "Aliyelala. Muacheni, hana haraka."